Saa ya Muadhini wa Kinole

Juzi mjukuu wangu aliniletea saa yake ya mkononi, ya ufunguo, aina ambayo vijana wameanza kuitafuta tena kwa umaridadi wake. "Babu, tarehe imekwama. Nivute ufunguo niizungushe?" Nilimkamata mkono kwa nguvu mpaka akashtuka. Akacheka, akadhani ni mambo ya uzee. Wewe nitakueleza, maana yeye sikumweleza.

Nilikulia Kinole, juu milimani Uluguru, kwa babu na bibi. Mwezi wa Ramadhani jioni zetu zilinukia mdalasini. Bibi aliinjika magimbi ya nazi, uji wa pilipili manga ukitokota pembeni, na kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kuchota maji. Kisha kijiji kizima kilinyamaza, hata watoto. Tulikuwa tunamsubiri babu, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa muadhini, na kwetu jua haliaminiki: linajificha nyuma ya mlima mapema, ukungu unashuka, unadhani magharibi imeingia kumbe huko bondeni watu bado wanapalilia. Tuliitegemea saa ya babu. Akikosea yeye, tumekosea wote.

Ilikuwa saa kongwe, kioo kimechubuka, na mishale yake ilisimama kama tunavyotamka: saa kumi ilikuwa kwenye kumi, si kwenye nne. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Morogoro mjini yalikuwa yameanza kujaa tena, sabuni, redio, saa za plastiki zenye namba zinazowaka. Vijana walimtania babu kwamba saa yake inangoja kulishwa uji. "Ya kwako betri ikifa utaizika," aliwajibu. "Yangu nitaiamsha."

Mimi nilikuwa kidato cha pili, nikijiona fundi. Likizo iliyotangulia nilikaa na mjomba wangu, fundi saa, kwenye meza yake karibu na soko la mjini. Alinifunza mambo mawili. Tarehe usiibadilishe usiku, tangu saa tatu mpaka saa tisa, kwa sababu ndani kuna jino ambalo limeshaanza kuisukuma, ukilazimisha linavunjika. Na kile kijiti cha chuma kinachobeba ufunguo hutolewa kwa kubonyeza kitundu kidogo, taratibu sana. Ukizidisha, kinachokibana huachia, na kijiti hakikai tena.

Nikaona saa ya babu ina kasoro. Dirisha la tarehe lilionyesha kumi na saba wakati kalenda ya shule ilikuwa kwingine kabisa, tena tarehe ilibadilika jioni badala ya usiku wa manane. Sikumuuliza. Nilitaka kumshangaza.

Siku hiyo, baada ya alasiri, babu alikwenda kuoga mtoni, saa akaitundika msumarini. Ilikuwa saa kumi, mchana mweupe, kwa hiyo onyo la mjomba niliona halinihusu. Nikavuta ufunguo hatua moja, nikazungusha. Kitu kikalia ndani, tk, na namba mbili zikakwama nusu kwa nusu dirishani. Ili niirekebishe, nikafungua mfuniko kwa kisu cha bibi, nikabonyeza kile kitundu, nikazidisha. Kijiti kikatoka. Nikakirudisha, hakikushika. Katika kukisukumasukuma mishale ikahama, na nyumbani hapakuwa na saa nyingine. Nikairudisha kwa kukisia. Nikasikia babu anakohoa njiani, nikafunga mfuniko, nikaitundika.

Hapo ndipo ningesema: babu, nimeiharibu. Maneno mawili tu, na midomo ilikuwa yangu.

Jioni ukungu ulishuka mzito. Babu aliisogeza saa machoni, akasimama mbele ya msikiti, akaadhini. Wenzangu wakala, nami nikala pamoja nao, huku nikijua. Tulikuwa katikati ya kula, redio mpya ya mwenye duka ilipoanza adhana ya magharibi.

"Muadhini!" mwenye duka alipaza sauti. "Leo umeadhini kwa saa au kwa tumbo?"

Wanaume walicheka. Bibi aliweka upawa chini. Jirani yetu, bibi kizee aliyefunga huku akiumwa, akasema taratibu, "Siku yangu hiyo imekwenda."

"Tutailipa," babu akasema. "Nisameheni, jamaa zangu. Macho haya."

Alfajiri alipotaka kuitia saa ufunguo, ukamtoka na kijiti chake vidoleni. Aliutazama kiganjani. "Hata ufunguo nimeung'oa," akamwambia bibi. "Mikono nayo imekwisha." Kabla ya Ijumaa alimwachia adhana mtu mwingine, na hakuadhini tena mpaka tulipomzika.

Baada ya Idi niliipeleka saa kwa mjomba.

"Tarehe uliigusa saa ngapi?"

"Saa kumi mchana, mjomba."

"Na mshale ulikuwa wapi?"

"Kwenye kumi."

Akaweka lenzi mezani. "Basi kwa saa hii ulikuwa usiku, zimebaki saa mbili tu tarehe igeuke. Mwenyewe aliitega hivyo, tarehe igeuke jioni, maana siku ya Kiislamu huanza magharibi. Na kumi na saba ile ilikuwa ya mwezi, si ya kalenda. Haikuwa na ubovu wowote, mwanangu."

Meza za mafundi saa pale sokoni karibu zote zimeondoka. Kinole sasa kuna kipaza sauti na simu katika kila kiganja, na ule ukimya wa kumngoja mtu mmoja haupo tena. Mwaka jana nilikwenda huko msibani. Usiku wa matanga mzee mmoja akakumbusha mwaka ule muadhini alivyozeeka, akatufuturisha kabla ya wakati. Wote wakacheka, kwa mapenzi kabisa. Kati yao walikuwemo watatu walioilipa siku ile. Wakanigeukia mimi, mjukuu wake, nithibitishe.

Nikasema, "Kweli, macho yalikuwa yamemchoka." Nikacheka nao.