Kipande cha Pili

Nitenganishe mambo mapema. Kwamba nyama ya bucha ya mdogo wangu Salimu ilikuwa ikicheza mezani, haina kichwa wala ngozi, hilo nilisimuliwa. Kwamba mimi, niliyetumia miaka thelathini na minane kuchunguza protini zinazovuta msuli ndani ya seli, niliaibika mbele ya mnada mzima wa Chemba, hilo nililishuhudia, na sijapata mtu wa kumsukumia lawama.

Salimu alinipigia simu Dodoma akaniambia wateja wamemkimbia. Ilikuwa ikisemwa kwamba anachuna mbuzi kabla roho haijatoka, kwa hiyo nyama yake ni kibudu, na neno hilo likimshika Mwislamu mwenye bucha, hana la kuuza tena. Nilikasirika (hasira yangu juu ya umbea ni ya zamani, mke wangu huiita ugonjwa). Nyama iliyochinjwa punde huweza kushtuka ikinyunyiziwa chumvi, kwa kuwa protini zile bado zimebakiwa na kemikali ya kuzipa nishati. Mbuzi amekwisha kufa, ila mashine zake hazijapata habari.

Salimu alinisihi niende tu kuzungumza na imamu. Nilimjibu kwamba maneno hayapingwi kwa maneno, na kwamba watu wa Chemba wataona kwa macho yao.

Siku ya mnada nilibeba kutoka maabara vipande vya msuli wa mbuzi vilivyokaa mwezi mzima ndani ya gliserini, kwenye baridi. Cha kwanza ningekidondoshea kemikali ile, kijivute, watu waone kwamba kitu kilichokufa zamani chaweza kusogea bila roho. Cha pili ningekidondoshea maji matupu, kitulie, waone kwamba kemikali ndiyo inayovuta. Nilikuwa na mabomba mawili ya sindano ya kudondoshea. Jua lilikuwa kali, adhuhuri inakaribia, nami nikaona kufungua bomba la pili ni kupoteza muda, nikaamua kulisuuza la kwanza mara moja na kulitumia tena kwa maji. (Mwanafunzi wangu angefanya hivyo, ningemtoa maabara.)

Cha kwanza kilijivuta taratibu, kama kidole kinachokunjwa. Nikadondosha maji kwenye cha pili, kisha nikakipa kisogo ili niwahutubie watu, nikatamka kwa sauti ya darasani kwamba hiki hakitasogea leo wala siku ya kiyama. Imamu alikunja uso. Halafu nikaona nyuso nyingine zikibadilika, safu baada ya safu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitazama mimi.

Bi Mwanaidi, mjane aliyenunua nyama kwa Salimu tangu bucha ilipofunguliwa, aliniuliza kwa upole kabisa, "Profesa, hicho cha pili nani amekiita?"

Nikageuka. Kilikuwa kimekunjika kama mwenzake. Wapo wanaosema kilianza kabla tone halijakigusa, mimi sikuona. Nikataka kueleza habari ya bomba, nikajikwaa kwenye mguu wa meza, sahani zikamwagika, watu wakarudi nyuma wakakanyagana, nami nikalikata soko zima, nisijue kwamba kipande kimoja kimeng'ang'ania mkono wa koti langu. Salimu ndiye aliyekibandua.

"Usitazame, kaka," alisema.

Nilipofungua mkoba, bomba la pili lilikuwa ndani ya karatasi yake, haijachanwa. Basi mabaki ya kemikali kwenye bomba la kwanza ndiyo yaliyokivuta kipande. Maelezo hayo yalinitosha, na nikaapa kwamba sitakipa tena kisogo kitu ninachokipima.

Mnada uliofuata nilirudi. Salimu sasa, kwa ushauri wangu, alikuwa akichinja siku moja na kuuza kesho yake, nishati ikiwa imekwisha. Wateja, waliokwisha kuambiwa waipime nyama wenyewe, walikuja na chumvi zao kwenye karatasi. Bi Mwanaidi alinyunyiza, akasubiri, akanunua nusu kilo, akaondoka bila kuniaga. Wengine wakafuata mfano wake. Kufikia adhuhuri kilibaki kipande kimoja cha paja, na ndani ya bucha tukabaki mimi na Salimu. Nilikinyunyizia chumvi mwenyewe, nikakikodolea macho hadi yakatoa machozi. Kilitulia. Hilo nathibitisha.

Adhana ikasikika. Nikageuka kuchukua kofia yangu ukutani. Salimu alikuwa mbele yangu akifuta kisu, na mkono wake ukasimama. Macho yake yalipita juu ya bega langu, yakashuka mezani, yakabaki huko.

"Kaka," alisema, "twende tukaswali."

Nilivaa kofia, nikatangulia kutoka. Sikugeuka.