Pete ya kitwitwi kizuizini Bwera

Leo nusura tufungwe kwa sababu ya ndege!

Dada Zaina, hujambo? Shemeji hajambo? Mama je? Na mapacha?

Baba Hadija wangu aliokota ndege mfu kwenye ziwa la chumvi, mguuni ana pete yenye maandishi ya kigeni. Nikaogopa: ya majasusi hii! Nikaificha ndani ya unga wa muhogo.

Kwenye kizuizi cha barabarani Bwera, askari akachoma unga kwa fimbo. Pete hiyo! Nikamwambia imetoka mguuni mwa ndege mfu.

"Ndege alikuwaje?" afande akauliza.

"Miguu mirefu, mdomo mrefu."

Akacheka. "Kitwitwi huyo, mama! Mombasa anakula minyoo matopeni, maji ya bahari yakitoka. Wazungu wanamvisha pete kwao, wajue anakofika."

Nikapumua.

Akaacha kucheka. "Sasa uliificha kwa nini? Ulisoma nini?"

"Sijui kusoma, afande."

Akatuachia.

Dada, barua hii nimeandika mwenyewe. Ichome. Nijibu upesi, kwa mdomo wa dereva aliyekuletea barua hii.