Unyayo Wangu Ulikuwa Geji Yake

Dereva wetu wa tela amefariki, na Ijumaa tumemzika kwao Mashewa. Siku gari lilipopinduka tulikuwa wanne ndani: yeye kwenye usukani, mimi kando yake, nyuma yetu mkewe, ambaye ni mjukuu wa marehemu dada yangu, na mama mmoja wa Mkata, mwenye mahindi yaliyojaa kwenye tela. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, lakini kwenye safu hii hatutaji watu.

Marehemu hakuwa dereva wa kubahatisha. Kila tukipanda kilima na tela nyuma, jicho moja lilikuwa barabarani, jingine kwenye mshale wa joto la injini. Ukipanda kidogo tu, anaegesha, anangoja ipoe. Lakini giaboksi haikuwa na mshale. Geji yake nilikuwa mimi. Nilivua kandambili nikaweka unyayo juu ya bati la sakafuni linalofunika giaboksi, na likianza kuchoma nasema, anasimama, anakagua oili. "Mke wangu mkubwa, mguu unasemaje?" ndivyo alivyokuwa akiniuliza. Mjukuu wangu hudakia kule nyuma: "Muulize huyohuyo, mie siti ya mbele nilishapewa talaka." Tukacheka mpaka Korogwe. Miaka yote hiyo hatukuunguza kitu.

Sasa wasomaji wangu, mimi nina sukari, nayo ilinianza miguuni. Tangu mavuno yaliyopita nyayo zangu hazisikii jiwe wala mwiba. Nilinyamaza. Ningesema, ningehamishiwa nyuma, kisha ningeachwa nyumbani, na mzee akishaachwa nyumbani hakuna anayemuuliza kitu. Siku ile, kwenye mpando mrefu, akaniuliza. Nikajibu, "Bado baridi." Akauliza tena karibu na kileleni. "Baridi, mume wangu, twende." Tulipoanza kuteremka giaboksi ikanguruma, gia ikachomoka, tela likatusukuma kama linatufukuza. Breki peke yake haikuliweza. Gari likalalia upande wake.

Hospitalini nesi alinishika mguu akauliza, "Bibi, huku umeungulia wapi?" Unyayo mzima ulikuwa malengelenge, na mimi sina habari. Kesho yake nikasukumwa kwenye kiti cha magurudumu kwenda wodi ya wanaume, alikolazwa dereva wetu. Akasema kwa shida, "Nisamehe, bibi. Oili niliyotia ilikuwa mbovu." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamvutia shuka vizuri, nikarudi kitandani kwangu. Hakuimaliza siku ile; alikufa akiliita kosa langu lake.

Msibani wote walisema oili. Mjukuu wangu ananiletea uji, ananifunga kidonda akidhani niliungua gari lilipopinduka, na anailaani oili. Haya atayasoma hapa, na sina cha kumrudishia. Nasikia magari ya siku hizi yana taa ya kila joto. Taa haioni aibu. Sisi tunaotegemewa ndio tunaoiona. Kama kiungo chako kimekufa na kuna mtu anakitegemea, mwambie leo. Mimi nasema sasa, na kusema kwangu hakumwinui mtu.

Nakumbuka aliniuliza mara mbili. Wewe mjukuu wangu, nawe mama wa Mkata, mlikuwa nyuma yetu mnasikia. Kama aliniuliza mara tatu, nisahihisheni.