Mwinjuma, Mchinjaji wa Umwe

Mwinjuma Ngwele aliingia Umwe akiwa mgongoni mwa mama yake, wazazi wake walipoteremka kutoka milima ya Umatumbini kutafuta ardhi ya mpunga. Wandengereko wenyeji waliwacheka matamshi yao mpaka wakachoka, na walipochoka wakawaazima mbegu. Kufikia umri wa miaka hamsini na kitu, hakuna aliyemhesabu tena kuwa mtu wa kuja. Alikuwa na korosho zake, mke wake Sihaba, na kisu chake.

Kisu ndicho kilichomfanya ajulikane. Kuku wa mgeni, mbuzi wa akika, ng'ombe wa mabucha ya Ikwiriri, wote walipita mkononi mwake, na ada yake ilikuwa kipande cha shingo na shukrani. Hakupenda mnyama akione kisu. Alikificha nyuma ya msuli, akamgeuza mnyama kibla, akamnong'oneza maneno mawili matatu ya Kimatumbi ili atulie, lugha ambayo hata nyumbani kwake haikusemwa tena. Kisha bismillahi, na kazi imekwisha.

Mwaka uliofuata mvua kubwa za El Nino, Wasukuma wa kwanza walifika Umwe na ng'ombe wao. Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anakwenda anakotaka na alichonacho, na Dar es Salaam ilikuwa inameza kila chenye pembe. Mkubwa wao aliitwa Luhende, mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye mke aitwaye Ng'wasi na watoto wengi. Serikali ya kijiji iliwapa mahali ng'ambo ya korongo, mbali kidogo na mashamba. Hakuna aliyewatukana. Hakuna aliyewatembelea pia. Walisalimiwa njiani, basi, watu wakapita wakiangalia mbele.

Mvua zile zilikuwa zimeangusha darasa moja la shule ya msingi, na mwenyekiti wa kijiji, Bashiru, alipoitisha msaragambo wa kulijenga upya, kila kaya ilileta kilichowezekana. Wengine walikata miti, wengine walikanyaga udongo, wanawake walichota maji. Luhende hakuambiwa alete nini. Asubuhi ya siku ya kazi akatokea na mkokoteni unaokokotwa na maksai, kitu ambacho watoto wa Umwe hawakuwahi kukiona, wakaukimbilia kwa vifijo. Ndani ya mkokoteni mlikuwa na nyama ya fahali mzima, imekatwa vizuri, imejaa mabeseni, imefunikwa majani ya mgomba.

"Ya wajenzi," Luhende akasema. "Watoto wangu nao watasoma humu."

Watu walianza kutabasamu, kisha macho yote yakamgeukia Mwinjuma. Yeye alikuwa juu ya ngazi na fito mkononi, na kila mtu alijua kuwa jana yake hakuitwa popote. Akashuka.

"Bwana Luhende, kachinja nani?"

"Nimechinja mwenyewe," Luhende akajibu kwa fahari.

Mmoja akarudi kwenye udongo, mwingine akakumbuka maji. Wanawake waliokuwa wamewasha moto wakainjika maharage. Mwinjuma naye akapanda ngazi yake, akafunga fito. Kufikia adhuhuri nzi walikuwa wameyazunguka mabeseni. Luhende akayapakia tena mkokotenini, akawachapa maksai, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku ile watu wa ng'ambo ya korongo hawakuonekana. Maziwa waliyokuwa wakiwauzia akina mama wa barabarani yakakoma. Watoto wao wakaacha shule, na mwalimu mkuu akaenda kumlalamikia Bashiru kwamba amebaki na madawati matupu na maswali asiyoweza kuyajibu. Bashiru akamfuata Mwinjuma shambani.

"Nenda ukazungumze nao."

"Kwa nini mimi? Mwenyekiti si wewe?"

"Nikienda mimi wataona serikali imekuja. Halafu siku ile tulikutazama wewe, nawe ukapanda ngazi."

Maneno yale yalimchoma Mwinjuma, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Akaenda mchana. Njiani alikuwa amejifunza salamu moja kwa kijana wa dukani, akaifanyia mazoezi mpaka kwenye boma. "Mwangaluka," akasema, amesimama wima kama askari.

Ng'wasi aliyekuwa akitwanga alijaribu kuuma midomo, akashindwa, akacheka. "Hiyo ya asubuhi, baba. Saa hizi ni mwadila. Karibu kigoda."

Akaletewa ugali na maziwa ya mgando. Akanawa, akapiga bismillahi, akala. Maziwa yalikuwa makali hata machozi yakamlenga, lakini akamaliza. Luhende alikaa upande wa pili, hajagusa chakula.

"Nyama yangu ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu. Ilikosa neno." Mwinjuma akamweleza polepole, jinsi kwao mnyama anavyochinjwa na Mwislamu kwa jina la Mwenyezi Mungu, na asipochinjwa hivyo huwa kibudu, hata awe amenona vipi. "Si uchafu wako, Bwana Luhende. Hata mwanangu akimpiga kuku jiwe akafa, hatumli."

Luhende akatikisa kichwa. "Watu wote wale walikuwa wamesimama pale. Hakuna mwenye mdomo?"

"Tuliona haya."

"Mliona haya kuniambia. Kuniacha nirudi na nyama mbele ya wanangu, hapo hamkuona haya."

Mwinjuma aliinamisha kichwa, akasema, "Umesema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kusema, nikanyamaza. Nisamehe."

Ndipo Luhende aliponyoosha mkono akamega ugali.

Kuanzia hapo, ng'ambo ya korongo wakitaka kuchinja kwa ajili ya mgeni au kwa ajili ya bucha, mtu alitumwa kwa Mwinjuma, naye akaenda. Watoto wakarudi shule. Maziwa yakarudi barabarani. Msikitini, hata hivyo, palizuka minong'ono: Mwinjuma amekuwa wa kule, anakula kwa wasioswali. Shehe Mudathiri akamwita barazani baada ya alasiri.

"Kuchinja hakuna kosa," Shehe akasema. "Unawalinda watu wasile kibudu. Lakini siku zote uliza mnyama ni wa nini. Mlango wa kukosea ni huo."

Mlango ule ulifunguka kiangazi. Luhende alikuja mwenyewe, akapewa kahawa, akaizungusha kikombeni.

"Baba yangu amenijia ndotoni. Tulimwacha kaburini kwetu mbali, hajui tumefikia wapi. Anataka kondoo mweusi. Nataka umchinje wewe, kwa sababu wewe ndiye ndugu yangu hapa."

Heshima kama ile Mwinjuma hakupata kupewa na mtu, na ilibidi airudishe.

"Huyo siwezi."

"Umechinja wangapi kwangu?"

"Wale walikuwa wa kuliwa na watu. Huyu ni wa marehemu. Mimi nikishika kisu nataja jina moja tu. Nikimchinja kondoo wa baba yako kwa jina hilo, nitakuwa nimemwibia baba yako. Nikimchinja kwa jina la baba yako, nitakuwa nimemkosea Mola wangu. Sitaki kukudanganya nikanong'ona jambo moja huku wewe unadhani nanong'ona jingine."

Luhende akaweka kikombe chini kikiwa na kahawa yake, akaaga, akaondoka.

"Umeshavunja undugu, Baba Zuena," Sihaba alisema kutoka mlangoni.

"Safari hii sikunyamaza," mumewe akajibu, lakini chakula kilimshinda jioni ile, na hata keshoye alikwenda shamba akarudi na jembe kavu.

Wiki haikuisha. Ng'wasi akafika uani kwa Sihaba, amejitanda kitenge kipya.

"Nimetumwa sufuria," akasema. "Baba Kulwa anasema kondoo ni wake, atamchinja mwenyewe, atakula na watu wake. Lakini anataka kumwonyesha baba yake majirani aliowapata, kwa hiyo kuna na ndama wenu. Achinjwe na Mzee Mwinjuma, apikwe na nyinyi, kwenye sufuria zenu, mtu asiwe na swali."

Sihaba alimtazama, kisha akaingia ndani akatoa sufuria zote, pamoja na ile kubwa ya arusi yake ambayo hata dada zake hawakupata kuazimwa.

Siku ilipofika, mioshi miwili ilipanda kwenye boma la Luhende. Upande wa mikorosho Mwinjuma alimlaza ndama kibla. Alipomaliza, akatupa jicho upande wa zizi. Luhende alikuwa amepiga magoti, ameshika kichwa cha kondoo mweusi, anamwambia jambo kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mwinjuma akageuza uso. Hakuhisi kuogopa wala kudharau. Alihisi amechungulia chumba cha mtu.

Watu wa Umwe walikuja, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa wingi. Shehe Mudathiri alichelewa, akasimama katikati ya mioto miwili.

"Sufuria ni ipi?"

"Hiyo, Shehe," watu wakamwonyesha kwa mikono, Wasukuma na wenyeji pamoja.

Akaketi, akala pilau sahani mbili.

Mkutano wa kijiji uliofuata uliamua kwamba kwenye kazi za umma mnyama wa mtu yeyote apitie kwa Mwinjuma, na kwamba mgeni mwingine akiingia, aelezwe mambo ya mahali siku ile ile, asiachwe ajikwae. Si kwamba yote yalinyooka. Masika iliyofuata ng'ombe waliingia kwenye mpunga, baraza la kata likakaa, fidia ikalipwa kwa shingo upande, na maneno makali yakasemwa. Lakini yalisemwa usoni, na waliosemana wakaendelea kusalimiana.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa Sihaba. Ng'wasi aliiazima tena ile sufuria kubwa, akairudisha imeungua kitako. Sihaba akajifunga kanga kiunoni, akavuka korongo peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kelele zilisikika mpaka zizini: mmoja anapaza Kiswahili, mwingine akizidiwa anahamia Kisukuma, yule wa kwanza naye anajibu kwa Kindengereko, sufuria ikivutwa huku na huku, mara ikigongwa kama ngoma.

Luhende na Mwinjuma walikuwa wamesimama nyuma ya zizi, wote wawili wamejibanza.

"Tuingilie?" Luhende akauliza.

"Ingilia wewe," Mwinjuma akasema. "Mimi naishi naye."