Sahani Iliyorudi Tupu

Naikumbuka siku moja ya mavuno hapa Ifakara, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mke mchanga, nimebatizwa mwaka huo huo pamoja na mtoto wangu wa kwanza, Isaka, na dini ilikuwa imenipanda kichwani kuliko hata padri mwenyewe.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuhura, mke wa mwenye duka aliyetoka pwani. Ndiye aliyempokea Isaka kwa mikono yake, kwa kuwa mkunga wetu alichelewa kuvuka mto. Kati ya nyumba zetu ilitembea sahani moja ya bati yenye maua mekundu. Krismasi nilimpelekea wali na samaki, Idi ikarudi kwangu na pilau. Huwezi kurudisha sahani ya mtu tupu; hata ukikosa kabisa, utatia chumvi.

Siku hiyo ya Idi ya kuchinja akaniletea nyama, bado ina moto. Alipogeuka tu nikawamwagia mbwa. Nikajiambia sadaka ya dini nyingine haipiti kooni mwangu. Nikaiosha sahani, nikampelekea tupu, tena mchana kweupe.

Bi Zuhura aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Mama Isaka, kuna msiba kwenu?"

"Hakuna."

"Basi nimekukosea nini?"

Nikampa kisogo. Nikaenda zangu, tena naona fahari, moja kwa moja kwa Mzee Leopoldi, katekista aliyenifundisha, ili nisifiwe.

Nilimkuta akipiga mpunga. Aliponisikia, fimbo ilimponyoka. "Umewapa mbwa?" Alirudia mara mbili, haamini masikio yake. Kisha akauliza, "Mwanao anaitwa nani?"

"Isaka, mzee."

"Na yule Isaka wa zamani aliponaje kisu cha baba yake, Abrahamu?"

Hilo nililijua kama jina langu. "Mungu alileta kondoo dume, akachinjwa badala yake."

"Na leo Bi Zuhura na mumewe wamechinja kwa kumkumbuka nani?"

Mzee akaokota fimbo yake.

"Abrahamu huyo huyo," akasema. "Wao humtaja Ismaili, sisi Isaka, watoto wa baba mmoja. Na Wayahudi, ambao Bwana Yesu alizaliwa kwao, nao wanamwita huyo huyo baba. Masomo yangu hukuyasikiliza wewe, uliyakariri tu."

 Mwanangu, nilikaa chini kwenye majani ya mpunga mbele za watu. Siku zote nilidhani Abrahamu ni wetu peke yetu. Na mikono iliyompokea Isaka wangu ndiyo niliyoirudishia sahani tupu!

Nilichukua mchele mpya kwenye ungo, nikapiga magoti mlangoni kwa Bi Zuhura. Nililia kabla hata ya shikamoo. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya mbwa. Alishtuka. Akaingia ndani, akakaa sana, nikajua ujirani wetu umekwisha. Akatoka na sahani ile ile, ina kipande cha nyama.

"Kula hapa hapa nikuone," akasema, "maana mbwa wako siwaamini tena."

Nilikula huku machozi yanadondokea sahanini.

Sasa leo nimeona sahani ya Idi ya jirani yako Mama Mwanaidi imefunikwa mezani kwako tangu asubuhi, hujaigusa, na nimekusikia ukisema wale si watu wetu. Moyo ulinipasuka, nikadhani ni mimi ninayesema. Shika dini yako kwa mikono miwili, sikukatazi. Lakini kabla hujamkataa mtu, uliza kwanza baba wa mababu zake ni nani. Utashtuka kama nilivyoshtuka mimi, na heri ushtuke ukiwa hujamuumiza mtu.

Kaa, ule. Kisha uioshe sahani, utie mchele, uipeleke mwenyewe, usimtume mtoto. Na Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Ismaili, akujalie jirani wa kukupokelea wanao, na sahani yako isirudi tupu.