Vitenge Viwili vya Bukuru

Pale Kasulu hakuna anayemwita Bukuru. Ni Mama Akimana, yule anayekaanga maandazi karibu na stendi, mwenye domo la kumkomesha mteja anayebonyezabonyeza maandazi kumi ndipo achukue moja. Kwa Warundi, Bukuru ni jina la mtoto anayetangulia katika mapacha. Anayefuata huitwa Butoyi, na Butoyi wake alimpotea wakiwa wasichana wadogo, mwaka ule walipokimbia kutoka Burundi na umati ukawagawa njiani. Bukuru aliokotwa na familia moja ya kijiji cha Kitanga, akalelewa, akaolewa na Kipriani, Muha mpole asiyejua kukataa neno la ndugu zake.

Mama yao aliwafundisha kwamba pacha hapati kitu peke yake. Basi kila akinunua kitenge Bukuru hununua viwili vya sare, kimoja anavaa, cha pili anakitia sandukuni. Kipriani alizoea, ingawa sanduku lilikwisha kujaa na sasa vitenge vinalala kwenye gunia la mahindi.

Kumtafuta alimtafuta. Alikwenda kambi ya Nyarugusu akaulizia Butoyi, na kwa kuwa kila pacha wa pili wa Kirundi ni Butoyi, wakamletea Butoyi watatu, mmoja ana ndevu. Alicheka hadi akalia, kisha akalia kweli.

Lakini hakuamini kwamba mwenzake amekufa. Mwaka mmoja, binti yake Akimana akiwa ameshaanza kutembea, Bukuru alishikwa na uchungu wa uzazi akimenya ndizi, tumboni hamna kitu. Alijikunja sakafuni hadi jioni, ukaisha wenyewe. "Mwenzangu amejifungua," akamwambia mumewe. Kipriani alikwenda kumtafutia dawa ya minyoo.

Mambo yaliharibika mwaka huu. Akimana alikuwa ameharibikiwa na mimba ya kwanza, na hii ya pili ilipofika mwezi wa nane miguu ikaanza kumvimba. Zahanati walimpa dawa na kumtaka arudi kila wiki. Shangazi yake Kipriani yeye alikuwa na jibu lake: yule pacha alikufa zamani, hajazikwa, na roho isiyozikwa hudai mtoto. Uzikwe mgomba badala ya mwili, na pacha aliyebaki atupe udongo wa kwanza.

Bukuru alikataa mara mbili. Mara ya tatu shangazi alisema mbele ya watu wote, "Mtoto wa Akimana akipotea tena, tutajua nani kamuuza." Neno lile lilimchoma. Akakubali. Jumamosi shimo likachimbwa kando ya migomba, na siku ya mazishi ikawekwa Jumatatu.

Jumapili alikwenda dukani kwa Zaitun, ambaye amemuuzia vitenge miaka nenda rudi, kununua cha kuufungia ule mgomba.

"Hiki cha bluu," akasema. "Kimoja."

Zaitun aliacha kukunja. "Kimoja? Una nini leo, shoga yangu?"

Bukuru akamweleza. Zaitun alisikiliza, akavuta ushungi wake, akasema taratibu, "Pole sana, mwaya. Basi nimebakiwa na yule wa Nduta tu."

"Yupi wa Nduta?"

"Mteja wa kaka yangu Khatibu, kule Kibondo. Mama mmoja wa kambini. Kila Khatibu akiagiza mzigo kwangu husema, weka na pea za yule mama, hachukui kimoja hata umkate shingo. Mimi nilidhani ni mama wa mapacha."

Bukuru alikalia robota la mitumba. "Anaitwa nani?"

Zaitun akapiga simu. Khatibu alijibu kwamba jina lake hasa halijui, watu humwita Mama Reine, akaahidi kupiga simu akija dukani. Bukuru alijishika kichwa. Miaka yote ameulizia jina la utotoni, kana kwamba yeye mwenyewe kuna anayemwita Bukuru.

Hata hivyo haukuwa ushahidi, na alilijua hilo. Wanawake wa vitenge viwili wanaweza kuwa wengi. Nyumbani kulikuwa na shimo limeshachimbwa, na watu wa kule huamini kaburi lililochimbwa halifukiwi bila mtu. Akiacha kuzika, na mjukuu akapotea, hakuna atakayemsamehe, na pengine hata yeye hatajisamehe.

Usiku hakulala. Asubuhi, shangazi akiwa tayari amefika na mgomba umelazwa kwenye mkeka, alimwendea binti yake. Akimana alimsikiliza, mkono juu ya tumbo.

"Mama, usimzike mama mdogo kwa ajili yangu," akasema. "Kama yu hai, utakuwa umemzika mtu mzima."

Bukuru akatoka, akasimama kando ya shimo. "Sitatupa udongo." Shangazi aliondoka na watu wake, akisema shimo lile litajitafutia mtu. Kipriani, asiyejua kukataa neno la ndugu zake, alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akaukatakata mgomba akampa ng'ombe.

Zikafuata siku mbaya. Kila Akimana akishika kiuno, Bukuru alitazama shimo. Maandazi yaliungua, wateja wakapata afueni ya domo lake.

Alhamisi adhuhuri simu ya Kipriani ikalia. Ni Khatibu. Mama Reine amepata kibali cha kutoka kambini, yuko dukani. "Nimemwambia tu dada yangu ana mteja kama yeye huko Kasulu," alisema. "Sijamwambia kingine. Analia, hataki hata kukaa. Ongea naye."

Ikasikika pumzi ya mtu.

"Bukuru," sauti nzito ikasema kwa Kirundi. "Ule mkono umepona?"

Bukuru aliutazama mkono wake wa kulia, wenye kovu bichi la mafuta yaliyomrukia mwezi uliopita, ambalo hakuna mtu wa Kibondo aliyeliona.

"Unapona," akasema. Kipriani ikabidi amshikie simu.

Jioni ile Kipriani alijaza samadi shimoni, akateremsha mche wa mgomba wenye majani mawili. Akamtazama mkewe, akingoja atupe udongo wa kwanza. Lakini Akimana alitangulia, akainama kwa shida, tumbo likimzuia, akachota konzi ya udongo na kuutupa kwenye mizizi.

"Huyu tumemzika akiwa hai," akasema, na mama yake akacheka.