Setingi Zangu za Matope Zimefika Ukweni

Leo tumeenda kuposa kijijini Kishanda, na waliotutoa mtaroni ni wakwe zangu watarajiwa.

Ngoja niwaeleze.

Jana nilimfunga shemeji, kaka wa mchumba wangu, kwenye gemu la mbio za magari. Njia ya matope, yeye anateleza tu, mimi napita. Akaniomba setingi zangu. Nikamwambia hiyo ni siri ya fundi.

Siri yenyewe ni kupunguza upepo. Tairi laini linashika matope.

Asubuhi mvua ikanyesha, na pikapu ya baba imejaa madumu ya rubisi ya kupeleka ukweni. Nikaona kipaji kisilale. Baba akiwa bado anavaa koti, nikapunguza upepo matairi yote.

Kwenye gemu gari halibebi pombe ya ndizi.

Kona ya mwisho, nyumba ya wakwe inaonekana kabisa, tairi la nyuma likachomoka kwenye rimu. Tukaingia mtaroni. Baba, aliyeendesha lori miaka ya vita bila kulitumbukiza popote, alikaa ameshika kofia yake.

Wakaja vijana wa ukweni na kamba. Mzee wao akauliza kwa upole, "Waitu, ndugu zetu, mmekuja kuposa au kuokolewa?"

Shemeji hakucheka. Aliinama, akabonyeza matairi moja moja kwa kidole gumba.

"Shemeji," akasema, "siri ya fundi ndiyo hii?"

Rubisi wameipokea. Kuhusu mimi bado wanajadiliana, kwa hiyo mnaocheka chekeni taratibu, niko sebuleni kwao.